Nyaraka za homa ya manjano mtandaoni: mapitio ya mtu wa masjala kutoka Dodoma

Kwa wiki tano sasa nimekuwa nikiitumia, karibu kila jioni, hifadhi ya mtandaoni ya nyaraka za utafiti wa mwanzo wa homa ya manjano inayotunzwa na Chuo Kikuu cha Virginia nchini Marekani. Naandika mapitio haya kwa ajili ya watu wa aina mbili: wale wanaofanya kazi katika masjala za hospitali na ofisi za afya hapa Dodoma na wilaya zake, na wanafunzi wa utunzaji kumbukumbu ambao huambiwa darasani kwamba nyaraka ni mali, lakini mara chache huonyeshwa mahali ambapo mali hiyo imewahi kuonekana kwa macho. Mimi mwenyewe nilifanya kazi ya masjala kwa miaka thelathini na kitu, kwanza Mpwapwa, kisha Dodoma mjini, mpaka nilipostaafu. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue natazama kwa jicho gani. Sikujali sana uzuri wa kurasa wala rangi zake. Nilichokitazama ni kama barua ina tarehe, kama jibu lake lipo, na kama baada ya ukurasa wa pili unakuja wa tatu.

Hifadhi hii imepewa majina ya watu wawili. Walter Reed alikuwa daktari wa Jeshi la Marekani aliyeongoza tume ya watu wanne iliyofika Kuba mwezi Juni 1900 na kuanza kuchunguza homa ya manjano. Wenzake walikuwa James Carroll, Jesse Lazear na Aristides Agramonte. Philip Hench hakuwamo kabisa katika kisa hicho, kwani mwaka huo alikuwa mtoto wa miaka minne. Baadaye alikuja kuwa bingwa wa magonjwa ya viungo katika kliniki ya Mayo, na mwaka 1950 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili kwa kazi iliyoleta dawa ya kotisoni. Daktari wa kiwango hicho hakuwa na sababu ya wazi ya kuhangaika na barua za wanajeshi wazee, na kwa hiyo namna alivyoingia katika kazi hiyo inafaa kuelezwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1930, chuo kimoja alichowahi kusoma Lazear kilikuwa kinajiandaa kulipa jengo lake jina la marehemu huyo, na Hench akavutwa katika habari hiyo kupitia rafiki yake. Aliwaandikia watu wawili waliokuwa bado hai kati ya wale waliojitolea kuumwa na mbu, yaani John Moran na John Kissinger, akitarajia kupata maelezo mafupi ya kuongezea katika hotuba. Alichopata ni masimulizi yasiyopatana. Mtu mwingine angechagua lile lililompendeza, akafunga jalada. Hench aliandika tena kuuliza, kisha akaandikia wajane, watoto, makarani na maofisa wastaafu, akakusanya picha, ramani na barua za kifamilia, akasafiri hadi Kuba kutafuta mahali ilipokuwa kambi ya majaribio, na hatimaye akasaidia kulitambua banda moja la mbao lililokuwa bado limesimama, ambalo mwaka 1952 liliwekwa rasmi kuwa sehemu ya kumbukumbu. Nia yake ilikuwa kuandika kitabu. Alifariki mwaka 1965 bila kukimaliza, na mjane wake akakikabidhi chuo cha Virginia vitu vyote, kwa kuwa Reed alihitimu udaktari hapo mwaka 1869.

Kitabu hakikuandikwa, nami nathubutu kusema kwamba huenda ilikuwa heri. Katika maisha yangu nimeona mara nyingi jinsi ripoti inapokwisha kuandikwa na kupigwa chapa, watu huitunza ripoti na kuyasukuma majalada yaliyoizaa uvunguni mwa ngazi. Kwa Hench mambo yalikwenda kinyume: ripoti haikuzaliwa, majalada yakabaki, na leo mtu aliyeketi Area C hapa Dodoma na simu mkononi anaweza kuyafungua.

Jambo la kwanza linalomfurahisha mtu wa masjala ni kwamba barua za Hench mwenyewe zimehifadhiwa pamoja na majibu aliyoletewa. Wasiofanya kazi hii hawajui uzito wa jambo hilo. Makusanyo mengi ya barua za watu mashuhuri yana upande mmoja tu: barua zilizopokelewa zipo, zilizopelekwa zilikwenda na wenyewe, na msomaji anabaki kukisia ni swali gani lililojibiwa. Hapa unasoma swali, halafu jibu, halafu swali la pili lenye ukali kidogo, halafu jibu la mzee ambaye kumbukumbu yake imeanza kumponyoka na bado hataki kukubali. Kwa lugha yetu ya kazini, hilo ni jalada lililojaa, lenye folio, yaani karatasi zenye namba, zinazofuatana. Mpangilio pia unafuata watu: kuna fungu la Lazear, fungu la Reed, fungu la daktari Henry Rose Carter, na fungu kubwa la Hench, badala ya kila kitu kumwagwa pamoja kwa mada alizozibuni mtunzaji wa baadaye.

Lakini uzuri mkubwa wa hifadhi hii ni kwamba inamwezesha msomaji kuona kwamba ugunduzi wenyewe, kwa sehemu kubwa, ulikuwa kazi ya daftari. Tumezoea kusimuliwa kwamba Reed aligundua kuwa homa ya manjano huletwa na mbu. Wazo hilo halikuwa lake. Daktari wa Kuba, Carlos Finlay, alilitoa mbele ya chuo cha sayansi mjini Havana tarehe 14 Agosti 1881, na hata aina ya mbu aliyemtaja ilikuwa ndiyo, huyu ambaye leo wataalamu wanamwita Aedes aegypti na ambaye watu wa Dar es Salaam wanamjua kwa homa ya dengi. Kwa karibu miaka 20 Finlay hakuaminiwa na wengi, kwa sababu majaribio yake hayakutoa jibu lisilo na shaka. Kilichokosekana kilikuwa hesabu ya siku. Mbu hapati virusi hivyo asipomuuma mgonjwa katika siku za mwanzo za homa, takriban tatu za kwanza; na akishavipata, hana madhara kwa mtu mwingine mpaka zipite siku kama 12 hivi. Ukimweka mbu amuume mgonjwa leo na amuume mzima kesho, hutapata kitu, na utarudi nyumbani ukiamini kwamba mbu hahusiki.

Aliyezihesabu siku hizo kwa njia ya kawaida kabisa alikuwa Carter. Mwaka 1898, katika vijiji vya Orwood na Taylor huko Mississippi, aliandika ni lini mgonjwa wa kwanza alipatikana katika nyumba fulani, ni nani aliyeitembelea nyumba hiyo na siku gani, na ni nani aliyeugua baadaye. Aliyepita pale mgonjwa alipokuwa ndiyo kwanza ameugua hakudhurika. Aliyepita wiki mbili baadaye, hata kama mgonjwa alikwisha ondoka au kufa, ndiye aliyeugua. Ukisoma karatasi za fungu lake unamwona mtu mwenye tabia ya karani mzuri, anayejali tarehe kuliko maneno. Nililisoma fungu hilo polepole kuliko yote, na nakiri kwamba ni mapenzi ya kikazi tu, maana mtu wa kawaida huenda akalipita.

Lazear ndiye aliyeziunganisha tarehe hizo na mbu. Aliwalea kutokana na mayai waliyopewa na Finlay, akawaweka katika vichupa vya kioo, na kila mbu akawa na kumbukumbu zake: aliangua lini, alimuuma mgonjwa gani, na mgonjwa huyo alikuwa katika siku ya ngapi ya homa. Majaribio ya mwanzo yalishindwa. Tarehe 27 Agosti 1900, Carroll alikubali kuumwa na mbu ambaye siku 12 kabla alikuwa amemuuma mgonjwa aliyekuwa katika siku yake ya pili. Carroll aliugua sana, akanusurika. Siku nne baada ya Carroll kuumwa, askari mmoja, William Dean, naye aliumwa, akaugua na kupona. Mnamo tarehe 8 Septemba Lazear alimwandikia mke wake, ambaye alikuwa ametoka kujifungua mtoto wao wa pili, kwamba anadhani yuko kwenye njia ya chanzo halisi cha ugonjwa, ila jambo hilo lisisemwe bado kwa mtu yeyote. Barua hiyo imo. Tarehe 25 ya mwezi huohuo Lazear alifariki kwa homa ya manjano, akiwa na umri wa miaka 34.

Reed wakati huo alikuwa Washington. Aliporudi Kuba mwanzoni mwa Oktoba hakumkuta mwenzake, alilikuta daftari lake. Kutokana na tarehe zilizoandikwa humo aliweza kuona kwa nini Carroll na Dean waliugua ilhali wengine waliotangulia hawakuugua, akaandika taarifa ya awali na kuisoma mbele ya mkutano wa madaktari mjini Indianapolis tarehe 23 Oktoba, mwezi mmoja haujatimia tangu kifo kile. Kisha, katika miaka iliyofuata, daftari hilo likapotea. Hench alilitafuta kwa miaka mingi bila mafanikio, na barua zake za kulitafuta ni kati ya zinazochoma zaidi katika mkusanyo mzima. Kupotea kwake kuna gharama mpaka leo: kwa sababu hiyo bado wanabishana wale wanaosema Lazear aliumwa kwa bahati mbaya alipokuwa akifanya kazi wodini, kama alivyoeleza mwenyewe kitandani, na wale wanaoamini kwamba alijijaribu kwa makusudi akaficha.

Niliposoma habari za daftari hilo nilifunga simu, nikatoka nje nikakaa barazani. Miaka ya nyuma, katika kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja, nilitumwa kuhesabu rejista za wagonjwa wa nje zilizokuwa zimehifadhiwa katika chumba cha stoo chenye mlango mbovu. Nilipofika nilikuta vitabu vya miaka sita mfululizo havipo. Mchwa walikuwa wamekula viwili, hilo lilionekana, kwa maana udongo wao ulikuwa umefuata ukuta hadi kwenye rafu. Vingine vilivyobaki nilivipata jioni ile sokoni: mama mmoja alinifungia karanga katika ukurasa wenye safu za jina, umri, kijiji na ugonjwa, kwa mwandiko wa tabibu niliyemfahamu. Nilimwuliza karatasi hizo amezipata wapi, akaniambia, “Baba, karatasi si karatasi tu?” Sikumlaumu, kwani yeye hakupewa dhamana ya kuzitunza. Aliyepewa alikuwa amehamishwa, na mrithi wake hakukabidhiwa chochote kwa maandishi.

Nirudi kwenye hifadhi. Sehemu ambayo ningependa kila mwanafunzi wa afya aisome ni ile ya Kambi ya Lazear, iliyofunguliwa Novemba 1900 nje ya Havana na kupewa jina la marehemu. Yalijengwa mabanda mawili madogo ya mbao. La kwanza lilijaribu imani iliyokuwa imeenea, kwamba ugonjwa huambukizwa kwa nguo na matandiko ya wagonjwa. Daktari mmoja kijana na askari wawili walilala humo usiku 20 mfululizo, katika joto kali na madirisha yaliyofungwa, wakijifunika mashuka yaliyochafuliwa kwa matapishi na vinyesi vya wagonjwa. Hakuna aliyeugua, na waliowafuata pia hawakuugua. Banda la pili lilikuwa safi, lenye hewa, na limegawanywa katikati kwa wavu wa waya. Upande mmoja waliachiwa mbu 15 na Moran akajilaza pale tarehe 21 Desemba. Upande wa pili walilala watu wawili wakivuta hewa ileile bila mbu. Siku ya Krismasi Moran aliugua. Wale wawili walibaki wazima. Picha za mabanda hayo, michoro yake na barua ambazo wahusika waliandika miaka 40 baadaye wakibishana juu ya mahali mlango ulipokuwa, vyote vimo.

Humo pia mna karatasi ambayo niliichapisha: mkataba wa tarehe 26 Novemba 1900 kati ya tume na Mhispania mmoja mhamiaji aitwaye Antonio Benigno, ulioandikwa kwa Kihispania na kwa Kiingereza. Unasema kwamba mhusika ana zaidi ya miaka 25, unawataja baba yake na mama yake, na unaeleza kwamba anakubali kwa hiari yake kufanyiwa majaribio. Atapewa dola 100 za dhahabu miezi miwili ikitimia, na akiugua homa ya manjano atapewa dola nyingine 100 akipona. Akifa, fedha zote zitapelekwa kwa mtu atakayemtaja. Akitoka nje ya mipaka ya kambi wakati wa majaribio, atapoteza haki zake. Kwa miaka ile, maandishi ya namna hiyo kati ya daktari na mtu anayejaribiwa yalikuwa nadra mno, na ndiyo maana hutajwa mara kwa mara na wanaofundisha maadili ya utafiti.

Niliupeleka mkataba huo katika steshenari moja karibu na Jamatini ili nitolewe kopi iliyo safi. Kijana wa pale, ambaye kila siku huchapa mikataba ya viwanja vya Nala na Ihumwa, aliusoma wa Kiingereza wote huku mashine ikipasha moto, kisha akaniuliza, “Mzee, huyu Antonio alipona?” Nilimwambia alipona, na kwamba hakuna aliyekufa kati ya waliojaribiwa katika kambi ile. Akafikiri kidogo, akasema, “Lakini hiki kifungu cha kusema ugonjwa hauepukiki kisiwani, ningekuwa mimi nisingekikubali.” Kijana alikuwa ameona jambo ambalo mimi nililipita mara ya kwanza. Mkataba kweli unasema kwamba mhusika anajua anahatarisha maisha yake kwa kiasi fulani, lakini kwa kuwa haiwezekani kabisa kuukwepa ugonjwa akiwa kisiwani, anaona afadhali aupate kwa makusudi akiwa chini ya uangalizi mzuri. Hapo hati ya ridhaa inageuka kuwa hati ya kushawishi, tena ikimshawishi mhamiaji asiye na kazi, mbele ya fedha ambazo huenda hakuwahi kuzishika. Ubora wa kuwa na karatasi yenyewe, badala ya sifa zake tu, ni kwamba mchapaji wa Jamatini anaweza kuipinga baada ya miaka zaidi ya 120.

Barua za Reed kwa mkewe zitawapendeza wasomaji wengi kuliko mikataba. Tarehe 9 Desemba 1900, siku moja baada ya Kissinger kuugua kutokana na mbu, anamwandikia afurahi pamoja naye. Usiku wa tarehe 31 Desemba, dakika za mwisho za mwaka, anamwandikia kwamba ombi lake la miaka 20, la kuruhusiwa kufanya kitu cha kupunguza mateso ya wanadamu, limekubaliwa. Reed hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Alifariki Novemba 1902 kwa ugonjwa wa kidole tumbo. Barua kama hizi kisheria ni mali ya nyumba na haziwezi kudaiwa na masjala yoyote ya serikali, na zingepotea kama familia isingezitunza na kama Hench asingekuwa na uvumilivu wa kuzifuata.

Kuhusu matumizi yenyewe, huduma ni bure na haihitaji kujisajili, jambo ambalo kwa mstaafu lina maana. Nyaraka nyingi zina maelezo mafupi yanayoeleza nani alimwandikia nani, lini na juu ya nini, na barua nyingi zimenakiliwa kwa herufi za chapa, kwa hiyo unaweza kuamua kama unahitaji kuifungua picha ya waraka kabla ya kuifungua. Kwangu hilo liliokoa bando kwa kiasi kikubwa, maana picha za kurasa ni nzito kwa simu ya kawaida na mtandao wa nyumbani kwangu hulegea saa za jioni. Nashauri anayetumia simu asome maelezo na nakala za chapa kwanza, halafu akusanye orodha ya picha anazozitaka na kuzifungua zote siku moja mahali penye mtandao wa nguvu. Asikubali kuishia kwenye nakala za chapa. Katika mwandiko wa mkono kuna mambo ambayo chapa haiwezi kuyabeba: mahali kalamu ilipokatiza, neno lililofutwa, na jinsi mwandiko wa mgonjwa unavyolegea.

Lugha ni kikwazo cha kweli. Karibu kila kitu ni kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha jeshi la karne ya 19, na kiasi kidogo ni kwa Kihispania. Nilijaribu programu ya kutafsiri katika barua mbili tatu. Ilinifaa kwa barua za salamu, lakini kwenye maneno ya kitabibu ilinipoteza, nikaacha.

Upungufu mwingine unatokana na mkusanyaji mwenyewe, na mtumiaji anapaswa kuujua. Hench alikusanya kutoka kwa watu aliowajua au aliofikishwa kwao, na hao walikuwa Wamarekani zaidi kuliko Wakuba. Finlay yumo, lakini mara nyingi anaonekana kama mtu anayezungumzwa na wengine. Wahispania waliojitolea wamebaki majina katika mikataba na katika majedwali ya joto la mwili. Hakuna aliyewatafuta miaka 40 baadaye ili awaulize wanakumbuka nini, kama Moran na Kissinger walivyoulizwa. Majaribio mengine yaliyofanyika Havana mwaka 1901, ambamo watu watatu walikufa, akiwemo muuguzi Clara Maass mwezi Agosti, hayana uzito ule wa Kambi ya Lazear. Atakayeisoma hifadhi hii peke yake atapata picha angavu kuliko ilivyokuwa.

Na Afrika haimo, jambo ambalo silihesabu kuwa kosa la hifadhi hiyo kwa sababu mada yake ni Kuba, ila msomaji wa huku lazima alione pengo. Kirusi chenyewe kilipatikana mwaka 1927 katika damu ya mtu mmoja wa Ghana ya leo aitwaye Asibi, ambaye alipona. Watafiti kadhaa walikufa katika kazi hiyo: Adrian Stokes mjini Lagos mwaka 1927, Hideyo Noguchi na William Young mjini Accra mwezi Mei 1928. Kutokana na kirusi kilichotoka kwa Asibi, Max Theiler na wenzake walitengeneza chanjo iitwayo 17D mwaka 1937, na Theiler akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1951. Chanjo hiyo ndiyo inayotumika mpaka sasa, hata kwa msafiri wa Dodoma anayekatiwa kadi ya njano, ambayo tangu Julai 2016 hudumu maisha yote ya mwenye nayo. Moran ana makabrasha ya barua; Asibi ana jina moja tu.

Karibu yetu zaidi, Entebbe ilianzishiwa taasisi ya utafiti wa homa ya manjano mwaka 1936, na watafiti wake, wakiwa wanaitafuta homa hiyo katika misitu ya Uganda, ndio waliokipata kirusi cha Zika mwaka 1947. Ugonjwa wa chikungunya, ulioonekana Newala na uwanda wa Makonde mwaka 1952 na 1953, nao ulitambuliwa kupitia maabara hiyohiyo, na jina lake ni la Kimakonde, lenye maana ya kupinda kwa maumivu ya viungo. Wagonjwa wa Newala waliandikwa mahali fulani, kijiji kwa kijiji na nyumba kwa nyumba. Kwetu sheria ya kumbukumbu na nyaraka ipo tangu mwaka 2002, na hapahapa Dodoma kipo kituo cha taifa cha kuhifadhi kumbukumbu ambazo ofisi zimemaliza kuzitumia. Hali ya hewa yetu kavu ni rafiki kwa karatasi, ukiacha vumbi na mchwa. Bado rejista ya wagonjwa wa nje, kwa ratiba yoyote ya uteketezaji niliyowahi kuitumia, huhesabiwa kuwa kitabu cha kazi ya kila siku kinachosubiri zamu ya moto. Daftari la Lazear lingekaa katika rafu hiyohiyo.

Kwa jumla naipa hifadhi hii alama tisa kwa kumi. Moja nimeiondoa kwa ajili ya upande wa Kuba. Anayeifungua kwa mara ya kwanza asianze na ramani wala na picha za sherehe za 1952, ambazo ni nyingi na zinachosha. Aanze na barua ya Lazear ya tarehe 8 Septemba 1900, asome mkataba wa Benigno, kisha aingie katika barua za Hench na Moran kuanzia ya kwanza, bila kuruka, akiwa na kalamu na karatasi pembeni ya kuandika tarehe.